Mshahara wa faya ndio uliompa Ka uhuru wa mistari

Tangu Oktoba 2024 kila posti ninayokutana nayo kuhusu marehemu Ka, rapa wa Brownsville kule New York, inaishia palepale, eti jamaa hakupewa heshima yake akiwa hai, eti mashabiki tulichelewa, eti angepata lebo kubwa ya kumsukuma angefika mbali sana. Wengi wanaoandika hivyo ni watu wanaompenda kwa dhati, nawaelewa, msiba unauma na mtu akiumia anatafuta wa kumlaumu. Lakini mi sikubaliani nao hata kidogo na nataka niseme kwa nini, maana naona tunamlilia marehemu huku tunakibeza kitu alichokijenga kwa makusudi kwa zaidi ya miaka 15.

Kwa ambaye hakuwahi kukutana naye, jina lake kamili ni Kaseem Ryan. Agosti 2024 alitoa albamu inaitwa The Thief Next to Jesus, yaani yule mwizi aliyesulubiwa pembeni ya Yesu, kaitoa mwenyewe bila lebo, bila bajeti ya matangazo, kaiweka kwenye saiti yake watu wakaingia wakanunua. Tarehe 12 Oktoba mwaka huohuo akafariki ghafla New York, ana miaka 52. Kwaiyo albamu hii imepokelewa mara mbili ndani ya miezi miwili, mara ya kwanza kama kazi mpya ya mkongwe ambaye wanaomfuatilia walishamzoea, mara ya pili kama wosia wa marehemu, na huko kupokelewa kwa mara ya pili ndiko kulikoleta hizi kelele za kwamba alipuuzwa. Watu walioanza kumsikiliza baada ya msiba ndio wanasema dunia ilichelewa. Dunia ipi sasa? Wenzao walikuwepo miaka yote hiyo wanamsikiliza.

Historia yake naipitia kwa haraka. Brownsville ni kitaa cha mashariki ya Brooklyn, majengo ya serikali ya watu wa kipato cha chini yamebanana, ndiko alikotoka Mike Tyson, ndiko walikotoka marapa wa kundi la M.O.P. na marehemu Sean Price, sehemu ngumu na imetoa watu wagumu. Ka miaka ya 90 alipitia kwenye kundi la rap la Natural Elements, hakudumu, akaunda kundi la watu wawili la Nightbreed, nalo halikwenda popote, akaacha. Kweli kaacha, akaingia faya. Akawa askari wa zimamoto wa jiji la New York mpaka akafika cheo cha kapteni, akatumikia miaka 20, na familia yake ilipotangaza msiba ilisema alikuwa miongoni mwa waliokimbilia kwenye tukio la Septemba 11, 2001, siku ambayo idara yake ilipoteza askari 343. Hebu fikiria mtu ameshaona hayo yote afu mwaka 2008, umri unakaribia miaka 36, umri ambao marapa wengi wanatafuta pa kupumzikia, ndo anatoa albamu yake ya kwanza, Iron Works, kwa hela yake. Rapa GZA wa kundi la Wu-Tang akaisikia, akampa nafasi kwenye wimbo mmoja wa albamu yake Pro Tools mwaka huohuo, na kwenye huo wimbo mwamba kafanya kazi mpaka watu wakaanza kuulizana huyu nani.

Sasa hapo ndipo mtu mwingine yeyote angekimbilia lebo. Ka hakukimbilia. Kakaa miaka minne, 2012 ndo ikaja Grief Pedigree, kaandika mwenyewe, biti katengeneza mwenyewe, video kaongoza mwenyewe. Baada ya hapo zikafuatana, The Night's Gambit 2013, Honor Killed the Samurai 2016, Orpheus vs. the Sirens 2018 akiwa na prodyuza Animoss, Descendants of Cain Mei 2020 katikati ya korona, A Martyr's Reward 2021, mbili kwa mpigo mwaka 2022, mpaka hii ya mwisho. Kila moja ina wazo lake moja inalolishikilia kuanzia wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho, moja chesi, moja samurai, moja visa vya Wagiriki wa kale, moja Kaini na Abeli, na humo ndani yote anayahamishia Brownsville.

Na jinsi alivyokuwa anauza, hapa naomba tukae kidogo kwa sababu ndio moyo wa jambo. Kulikuwa na duka la santuri linaitwa Fat Beats, Sixth Avenue kule Greenwich Village, kwa watu wa hip hop New York lile lilikuwa kama msikiti mkuu, ukitoa kitu lazima kipite pale. Likafungwa Septemba 2010. The Night's Gambit ilipotoka 2013 Ka akatangaza Twitter kwamba siku fulani atakuwa pale nje lilipokuwaga duka, akaenda kweli, kasimama kwenye kona na mzigo wake, anayemtaka anamfuata, anachukua kopi, anasainiwa, wanaongea. Kapteni wa faya, mtu mzima wa miaka 40, kasimama barabarani anauza rap yake mkono kwa mkono nje ya duka lililokufa. Wapo wanaoisoma hiyo kama huzuni, mkongwe mzima anahangaika na CD barabarani. Mi naisoma tofauti kabisa, naona mtu anayewajua wateja wake kwa sura. Ni wangapi kati ya wenye mamilioni ya viewers wanaweza kusema hivyo?

Hesabu nayo inamuunga mkono. Malipo ya kustrimu yanayotajwa sana ni kati ya theluthi na nusu ya senti moja ya dola kwa kila mtu anaposikiliza wimbo, na hapo bado hujagawana na lebo na wengine. Rapa Nipsey Hussle mwaka 2013, wa upande mwingine kabisa wa Marekani, alichapisha kopi 1,000 za mixtape yake Crenshaw akauza dola 100 kila moja, Jay-Z peke yake akanunua 100, zikaisha. Mnunuzi mmoja wa dola 100 ni sawa na kusikilizwa mara 25,000 hivi mtandaoni kwa viwango hivyo. Ka hakuwahi kuuza kwa mbwembwe za namna hiyo ila mantiki ni ileile, saiti yake kwanza, wanaomhitaji wanunue kwake moja kwa moja, majukwaa ya kustrimu yatafuata baadaye kwa muda wake yeye. Ukikaa ukahesabu viewers wake YouTube ukasema albamu imefeli, umepima maji kwa rula.

Haya, albamu yenyewe.

The Thief Next to Jesus imejengwa juu ya sauti za kanisa la watu weusi wa Marekani. Kwaya, waimbaji wa injili, vinanda vya kanisani, mahubiri, hivyo ndo kasampo, yaani kachukua vipande vya rekodi zao akajengea biti, halafu dramu kazitoa karibu zote, kuna nyimbo zinaenda mwanzo mwisho hujasikia kiki wala sneya ya maana. Juu ya hapo anakuja na ile sauti yake ya chini, hapandishi, anarap kama mtu anayekuhadithia jambo zito usiku na chumba cha pili kuna mtoto amelala. Vina vinapishana ndani kwa ndani, mstari mmoja una maana mbili au tatu, ukiupita ukiwa unachati umeukosa na inabidi urudi. Wimbo wa kwanza kuusikiliza nilirudisha nyuma mara kadhaa kabla sijasogea mbele, na hiyo kwa Ka ni kawaida.

Mada yake ni nzito na kaishika bila woga: dini ya Kikristo imemfanyia nini mtu mweusi wa Marekani. Imemfariji au imemlaza? Wale waliomfunga minyororo walikuwa wanasoma kitabu kilekile. Mwaka 1807 kulichapishwa London Biblia maalumu kwa ajili ya watumwa wa visiwa vya Karibiani vilivyokuwa chini ya Waingereza, wakakata kisa cha Musa kuwatoa wana wa Israeli Misri, wakayabakiza yale ya mtumwa kumtii bwana wake. Ndio, walikaa watu wakaamua ukurasa upi mtumwa asiuone. Huo ndio msingi wa maswali anayoyauliza Ka. Lakini huohuo Ukristo ndiko zilikotoka nyimbo zilizowabeba watu mashambani, ndiko alikotoka mchungaji Martin Luther King, kule Montgomery mgomo wa mabasi wa 1955 ulipangwa na kuendeshwa makanisani, na wabaguzi walivyotaka kuwaumiza watu weusi wa Birmingham Septemba 1963 walilipua kanisa la 16th Street Baptist wakaua mabinti wanne. Hawakukosea mlango, walijua nguvu ya wale watu inatokea wapi.

Ka haegemei upande mmoja na hapa ndipo ninapomvulia kofia. Mdomoni anahoji, mashaka yamejaa, anauliza hii sadaka inaenda wapi, hii subira ya kusubiri malipo ya mbinguni imetusaidia nini hapa duniani, lakini nyuma yake biti inaimba. Na inaimba vizuri, kachagua sauti za watu wanaoimba kwa imani mpaka nywele zinasimama, hakuchukua kwaya mbovu ili aidhihaki. Kwaiyo swali linatoka mdomoni na jibu linatoka kwenye sampo, wimbo mzima unakuwa mabishano kati ya mtu na bibi yake mcha Mungu, na hakuna anayeshinda. Ukiondoa dramu, sauti ya muimbaji inasikika mpaka pumzi, na hiyo ndo sababu biti zimekaa wazi vile, hakuishiwa ujuzi. Ninaposikia watu wanasema biti zake hazijaisha najua kabisa hawajasikiliza nini kinaongea na nini.

Jina la albamu nalo kalifikiria. Kwenye Injili ya Luka wanasulubiwa wahalifu wawili pamoja na Yesu, mmoja anamtukana, mwingine anaomba akumbukwe, na anaahidiwa pepo siku hiyohiyo. Hakubatizwa, hajawahi kutoa fungu la kumi, hana kanisa. Ka ambaye miaka yote kwenye ngoma zake hajaficha kwamba ujana wake ulikuwa wa mtaani, amefanya na ameona mambo ya mtaani, anajiweka pale kwenye msalaba wa pembeni, mtu wa mwisho kabisa mwenye haki ya kuongea na Mungu na ndiye aliyekuwa karibu kuliko mitume wote.

Kwa msikilizaji wa huku kwetu ngoma hizi zinagusa sehemu nyingine kidogo, maana historia yetu imekaa kinyume. Pale Mkunazini Zanzibar kanisa kuu la Anglikana lilianza kujengwa 1873 juu ya kiwanja kilichokuwa soko la watumwa, mwaka huohuo Sultani Barghash alipotia saini mkataba wa kulifunga, na Bagamoyo mapadri wa Roho Mtakatifu walifika 1868 wakaanzisha kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Kwetu mmisionari alikuja na sifa ya mkombozi, na mgongoni kwake ukaja ukoloni. Ndo maana ukiwa mtu wa pwani, uwe umekulia kwaya au umekulia madrasa, maswali ya Ka huwezi kuyameza kama yalivyo, inabidi uyageuze, na mimi yamenifanya nifikirie vitu ambavyo hakuna rapa wa huku amewahi kunilazimisha kuvifikiria.

Kasoro zipo na sitazificha kwa sababu ya msiba. Katikati ya albamu kuna nyimbo zinafanana mno, mwendo uleule, kwaya zinaingia kwa namna ileile, kama hujawa makini unaweza ukavuka wimbo bila kujua umevuka. Pili kuna sehemu anawageukia marapa wanaouza picha mbaya ya watu weusi, hapo anaacha kuuliza anaanza kuhukumu, na Ka anayehukumu ni mwepesi kuliko Ka anayeuliza. Nakubaliana na anachosema kwa asilimia zote lakini uandishi wake pale umeshuka kiwango, mistari inanyooka mno, ule ufundi wa maana tatu kwenye sentensi moja unapotea.

Wachambuzi wa muziki wa Marekani waliipokea vizuri sana, kama walivyopokea zote tangu Grief Pedigree. Hili nalitaja makusudi kwa wale wanaosema hakuna aliyemjali. Miaka 12 mfululizo mtu anatoa kazi na kila ikitoka inaandikwa kwa kirefu na watu wanaojua wanachoandika, huko ni kupuuzwa? Mashabiki nao waligawanyika pa kawaida. Wapo wanaosema inalaza, rap gani haina ngoma, huwezi kuipiga kwenye gari, huwezi kuipiga baa, na hawa siwalaumu, muziki una matumizi yake na huu hauna hayo. Wapo waliokwazika kwa upande wa dini, wakaona anamkosea Mungu, hawa ningewaomba wasikilize tena kwa utulivu, mtu anayemdharau Mungu hakai na nyimbo za kumsifu muda wote huo akizisafisha sampo moja baada ya nyingine. Halafu wapo wale wake, wanaoingia saiti siku ya kwanza wananunua kabla hawajasikia hata wimbo mmoja. Kundi hilo ni dogo, na ndilo alilokuwa anaongea nalo.

Sasa nirudi kwenye hoja yangu. Tunapenda sana neno kujitegemea, kila rapa siku hizi anajitegemea, anakwambia mi sina lebo, mi nasimamia mambo yangu mwenyewe. Swali ambalo hatumuulizi ni moja tu, chakula chako kinatoka wapi? Maana kama chakula kinatoka kwenye shoo basi anayekuandalia shoo ndo bosi wako. Kama kinatoka kwenye matangazo ya kampuni ya simu basi kampuni ya simu ndo lebo yako. Kama kinatoka kwenye viewers basi bosi wako ni huo mtandao na kesho ukibadilisha taratibu zake unabadilisha na wewe unavyorap, utaona korasi zinaongezeka, nyimbo zinafupishwa, kuna kipande cha kuchezea TikTok. Ka chakula chake kilitoka faya. Alikuwa na mshahara wa jiji, na faya haimuulizi mtu wimbo una korasi au hauna. Kwaiyo alipokaa kuandika hakuna hata mstari mmoja uliotakiwa kulipa kodi ya nyumba. Ule uhuru mnaousikia kwenye The Thief Next to Jesus, wa mtu kutoa dramu zote, kuzungumzia mada ambayo redio hazitaigusa, kunong'ona badala ya kupiga kelele, ule uhuru ulinunuliwa kwa zamu za usiku.

Na nisiufanye uonekane rahisi. Mtu anayefanya kazi ya kuzima moto hazunguki na ziara za Ulaya kila kiangazi kama wenzake. Anaandika baada ya zamu akiwa amechoka. Zile nafasi za kushirikishwa na wakubwa zinakuja kidogo kidogo kwa sababu mtu hapatikani. Gharama ilikuwepo na kailipa yeye mwenyewe.

Tena mshahara nao una macho. Mwaka 2016, Honor Killed the Samurai imetoka tu, gazeti la New York Post likamwandika vibaya, kapteni wa zimamoto anayerap dhidi ya polisi, wakachomoa mistari huku na huku wakaipanga ili ionekane mtumishi wa umma anawachukia askari. Mtu ambaye alikimbilia kule kwenye minara watu wanakimbia kutoka! Wasanii na mashabiki wakasimama upande wake, na yeye akaendelea na kazi zote mbili, hakuomba msamaha kwa mashairi yake na hakuacha kwenda kazini. Ile habari inanipa hasira mpaka leo, lakini pia inaonesha kwamba hata ajira ya kawaida haikupi uhuru wote, inakupa sehemu kubwa, iliyobaki ni msimamo wako.

Nimetaja hayo kwa sababu nawaangalia wakongwe wa rap wa Bongo. Hawa wanajua habari ya kudhulumiwa kuliko mtu yeyote. Enzi za kanda na CD msanii anapeleka masta, yaani rekodi yake halisi, kwa msambazaji Kariakoo, anapewa hela ya mkupuo, baada ya hapo zimedurufiwa kopi ngapi hana njia ya kujua, anasikia tu wimbo wake kila daladala na yeye anapanda daladala hiyohiyo. Kizazi kile kiliimba nchi nzima na kikatoka mikono mitupu. Waliopata pa kushika wengi wao walipatia siasani: Sugu akawa mbunge wa Mbeya Mjini 2010 mpaka 2020, Profesa Jay wa Mikumi 2015 mpaka 2020, Mwana FA akaingia Muheza 2020 na mwaka 2023 akawa naibu waziri. Siwalaumu, waliingia kwa kura za watu na wana haki zote. Ila angalieni kwa jicho la muziki, mkongwe anayekula kwenye siasa chama chake kinamsikiliza anaporap, wapinzani wake wanamsikiliza, na mahakama inamsikiliza pia, Sugu mwaka 2018 alihukumiwa miezi mitano jela kwa maneno aliyoyasema kwenye mkutano wa siasa dhidi ya rais. Na wengine wote mnajua walivyopungua kutoa kazi kadri majukumu yalivyoongezeka.

Upande mwingine tuna watu kama Nikki Mbishi na Nash MC na wenzao waliopita kundi la Tamaduni Muzik, ambao walifanya kama alivyofanya Ka bila hata kumjua, wanachapisha wenyewe, wanauza mkono kwa mkono, anayetaka anapiga simu anaelekezwa pa kuchukua. Sauti ya Jogoo ya Nikki na Mzimu wa Shaaban Robert ya Nash ni kazi ambazo wenye nazo wanazitunza mpaka leo. Lakini hebu sikiliza tunavyoongea kuhusu hao watu, "wakali ila hawana hela", "wamekaza sana", "wangelainisha kidogo wangetoka". Ni maneno yaleyale anayoambiwa Ka kaburini. Tunampima rapa wa mistari kwa kipimo cha msanii wa shoo za uwanja wa taifa afu tunamsikitikia, wakati kitu alichohitaji kutoka kwetu ni elfu kumi ya CD na basi, na hiyo elfu kumi wengi tunaosikitika hatukuitoa, tulisubiri mtu arushe kwenye kundi la WhatsApp.

Na kwa wakongwe wenyewe, wale wenye miaka 40 na kitu ambao bado kichwa kinachemka, nawaomba waache kuona aibu kuwa na kazi. Nimesikia mara nyingi watu wanamcheka rapa aliyeonekana dukani kwake anauza vipuri, au yule anayefundisha shule, kana kwamba ameanguka. Hajaanguka popote. Duka la vipuri linaweza kuwa ndo lebo bora kuliko zote alizowahi kusaini, kama jioni akifunga anarudi kuandika. Ka asingekuwa na faya tusingekuwa na Ka, tungekuwa na rapa mwingine wa New York wa miaka ya 90 aliyejaribu kurudi na biti za vijana akachekwa.

Kuhusu hii albamu inakaa wapi kati ya zake zote, najua watu watabishana na wengine wataipa namba moja kwa sababu ndo ya mwisho. Mi namba moja nampa Honor Killed the Samurai, pale hakuna wimbo hata mmoja wa kuondoa. Namba mbili Descendants of Cain. The Thief Next to Jesus naiweka ya tatu, juu ya Grief Pedigree, kwa zile nyimbo zinazofanana katikati ndo imekosa kupanda zaidi, lakini kwa ukubwa wa swali inalouliza inazipita zote. Anayeanza leo asianzie hapa, aanze na Descendants of Cain kwa sababu ile ina mlango mpana zaidi, hadithi za Biblia anazijua tayari, akishazoea ile sauti ndo aje huku, atafute saa moja isiyo na simu, na asikilize kwa mpangilio alioupanga Ka mwenyewe bila kurukisha.